Begi la leba hufunguliwa na mtu mwingine

Nesi alichungulia mlangoni akauliza, "Ndugu wa mama wa kitanda cha tatu yupo? Lete khanga." Dada yangu akainama kwenye begi akatoa soksi. Akatoa kofia. Akatoa blanketi la dubu, akatoa vile viatu vya kufuma ambavyo mtoto hakuja kuvivaa hata siku moja. Khanga zilikuwa chini kabisa, zimepigwa pasi na kukunjwa kama zinapelekwa kwenye mahari. Hadi azifikie, nusu ya begi lilikuwa juu ya benchi la korido, na nesi alikuwa ameshaazima khanga kwa ndugu wa kitanda cha pili.

Mimi nilisimuliwa baadaye. Wakati huo nilikuwa ndani, sijui hata jina langu.

Ndiyo maana nikisoma orodha za vitu vya kubeba hospitali huwa naona kuna kitu kimesahaulika. Zote zinamwandikia mjamzito, apange begi lake kana kwamba ndiye atakayelifungua. Hospitali nyingi za serikali hapa Dar vitanda vya leba vimekaribiana, hakuna faragha, na ndugu wanabaki nje. Shirika la Afya Duniani linashauri mama awe na mtu wake wa kumshika mkono wakati wa uchungu, nami naunga mkono kwa mikono miwili, lakini siku ile ushauri huo haukuwa umefika kwenye mlango wetu. Mkono ulioingia kwenye begi langu ulikuwa wa dada. Siku nyingine utakuwa wa wifi, wa mama mkwe, au wa baba mtoto ambaye hajui kutofautisha pedi ya mzazi na pempasi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: atakayekaa kwenye benchi ndiye apange begi. Wewe kaa kitandani umwelekeze.

Tuanze na khanga, maana hizo hazizidi. Mimi nasema vipande sita, yaani doti tatu, na nimeshawahi kuona sita zikaisha kabla ya jua kuchwa. Moja ya kutandika juu ya mpira, moja ya kujifunga, moja ya kumpokea mtoto na kumfuta, nyingine kavu ya kumfunika akiwa kifuani kwako, zinazobaki ni za damu. Ziwe zimefuliwa mara kadhaa. Khanga mpya ina wanga, hainyonyi. Inateleza tu juu ya maji kama nailoni. Shangazi yangu aliniletea yake iliyochakaa, maandishi yamefifia lakini bado yanasomeka: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nilidhani ananidharau kwa kunipa kuukuu. Ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote.

Halafu khanga inapima. Kuna utafiti wa Kigoma uliochapishwa mwaka 2005, ambamo wakunga wa jadi walifundishwa kukadiria damu kwa khanga: zikilowa chapachapa mbili, damu imeshapita nusu lita, na hiyo ni dharura. Namwambia kila anayekwenda kumsindikiza mtu. Mama akisharudishwa wodini, manesi wawili wana wagonjwa thelathini, na anayebadilisha khanga ni wewe ndugu. Ukiona ya pili nayo imelowa chapachapa, usisubiri zamu ya kupita daktari. Nenda kaite mtu, hata kama utaitwa msumbufu.

Vifaa vyenyewe vya kujifungulia, glovu, mpira wa kutandika, pamba, wembe mpya, kibanio cha kitovu, beseni, viwekwe kwenye mfuko wa nailoni wa peke yake, juu kabisa. Hapa lazima nilalamike kidogo. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataka mjamzito ahudumiwe bure katika vituo vya serikali. Lakini wanawake tunaendelea kupewa karatasi ya vitu vya kununua, na asiyekuwa navyo anafika leba na aibu juu ya uchungu. Kama hela ni ya kuokoteza, anza na hivi kabla hujagusa nguo ya mtoto. Uliza kliniki mapema wanataka nini hasa, kwa sababu kila hospitali ina karatasi yake, na duka la dawa lililo getini usiku wa manane halina huruma na bei.

Kadi ya kliniki isiingie kwenye begi kabisa. Ikae kwenye pochi ya anayekusindikiza, pamoja na kadi ya bima kama unayo, simu yenye chaji, na pesa taslimu za noti ndogondogo. Kadi ile ndiyo inayozungumza kwa niaba yako: kundi la damu, wingi wa damu, vipimo vyote, kama uliwahi kupasuliwa. Na kwenye simu hiyo yawemo majina ya watu wawili waliokubali kutoa damu, waliokubali kweli, sio wale wa "usijali tutaona". Walioko mbali na hospitali waandike pia 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo wa kumsafirisha mjamzito au mzazi aliyepata dharura.

Nguo za mtoto nazipitia haraka, na najua wengine mtanuna. Mtoto akizaliwa mzima anafutwa, anawekwa kifuani ngozi kwa ngozi, ananyonya ndani ya saa ya kwanza. Siku hizi hata kuogeshwa kunasubiri saa ishirini na nne. Anahitaji kofia, nguo mbili za kubadili, nepi chache na joto lako. Chupa na maziwa ya kopo acha dukani, maziwa yako ya kwanza, yale ya njano, yanamtosha.

Hii inanisaidia na jambo jingine. Wazee wetu wengi hawapendi mtoto anunuliwe nguo kabla hajazaliwa. Wanasema unajitafutia mkosi. Mama mkwe wangu ni mmoja wao, na nilipoteza wiki mbili nikibishana naye. Sasa sibishani. Khanga, pedi, sabuni, mswaki, gauni la kufungua mbele na ndala za mama hazina mkosi wowote, zifungwe mapema, wiki ya thelathini na nne usiwe bado unatafuta. Vinguo vya mgeni vikae kwa shangazi, vitakuja asubuhi na mtori.

Mtori wenyewe, au uji wa pilipili manga, mwachie wa nyumbani alete ukiwa moto. Cha kubeba ni chupa ya chai, kikombe, kijiko na maji. Uchungu unakausha koo, na hakuna kitu kinachouma kama kuomba kikombe kwa jirani ambaye naye anauma meno kwa uchungu wake. Ila anayekupa kinywaji amuulize mkunga kwanza, maana ukitajwa upasuaji mambo yanabadilika.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya mdogo wangu, na wa kukaa kwenye benchi nilikuwa mimi. Jumapili moja alinikalisha sebuleni, akazima taa, akaniwekea begi mapajani. "Khanga," akasema. Nikatoa. "Glovu." Nikatoa. "Pedi." Nikatoa pakiti ya pempasi, akacheka mpaka akashika tumbo, tukapanga upya. Usiku wa tukio nesi alipofungua mlango hakumaliza sentensi, nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Akaiangalia ile khanga, akaniangalia, akaniuliza kama mimi ni mkunga.

Ilikuwa ile ya shangazi. Maandishi sasa hayasomeki kabisa.