Chupa ya vanila Birere: tunanunua nini hasa?

Chupa yenyewe ni ndogo, ya mililita 30, kioo cha kahawia, kifuniko cheusi chenye kitonyezo cha mpira. Kwenye karatasi yake kumechorwa ua jeupe, na chini ya ua maneno ya Kifaransa yanayosema kwamba ndani mna mafuta asilia ya vanila, asilimia mia. Mama aliyeniuzia pale Birere, mtaa wa biashara mjini kwetu, aliifungua akanipitishia puani. "Iyi ni vaniye ya kweli, mama. Nusa wewe mwenyewe." Nikanusa. Ilikuwa harufu ya biskuti na maziwa ya moto, na ilinituliza palepale, katikati ya honi za pikipiki na lile vumbi jeusi la volkano tunalolizoea hapa Goma. Bei, franka elfu 15. Nikalipa.

Nyumbani nilidondosha matone matatu kwenye sahani nyeupe. Yalikuwa meupe kama maji. Hapo moyo ukasita, kwa sababu vanila mimi naijua tangu ikiwa ua. Shangazi yangu anailima upande wa Beni, na chochote kilichotoka kweli kwenye ganda lake huwa na rangi, ya dhahabu au ya kahawia.

Jioni ya likelemba yetu, chama cha wanawake cha kuchangiana hela, nilikwenda na chupa ile. Wanawake wakagawanyika papo hapo. Mmoja, aliyepoteza nyumba katika mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Mei 2021 na hajalala vizuri tangu wakati huo, alisema matone mawili kwenye mto humpa usingizi, basi asinyang'anywe. Mwingine, muuguzi, alisema huo ni wizi ulioandikiwa lebo nzuri. Nimewafikiria wote wawili kwa wiki kadhaa, na naona kila mmoja ameshika kitu cha kweli.

Tuanze na jina, maana fujo inaanzia hapo. Mafuta ya chupa kama hii tunayaita "mafuta muhimu" tukifuata Kifaransa, na neno "muhimu" limetupotosha. Mtu husikia jambo la lazima kwa afya, wakati maana yake ni kiini cha mmea, ile roho ya harufu. Kiini hicho kwa kawaida hupatikana kwa mvuke. Aliyewahi kujifukiza kwa majani ya mikaratusi akiwa na mafua anajua jinsi inavyokuwa: maji yanachemka, mvuke unapanda na kubeba harufu. Wenye mitambo huupoza mvuke huo na kuyakusanya mafuta yanayoelea juu ya maji.

Vanila haikubali njia hiyo. Harufu yake inatawaliwa na kemikali iitwayo vanilini, ambayo huchemka kwenye nyuzi 285 hivi, na mvuke wa sufuria haubebi vanilini ya kutosha kitu. Ndiyo maana vanila hutolewa kwa njia nyingine. Kuna kuloweka maganda kwenye pombe, jinsi inavyopatikana ile vanila ya waoka keki. Kuna kukamua kwa kaboni dioksidi iliyogandamizwa, au kwa viyeyusho vinavyotoa kitu kizito wanachokiita absoluti, cheusi na kinachonata kama sharubati. Na kuna njia ya jikoni, kuyaweka maganda ndani ya mafuta ya alizeti au ya nazi yakae wiki kadhaa. Kwa hiyo chupa ikikuambia ina mafuta ya vanila yaliyotolewa kwa mvuke, safi, asilimia mia, imeandikwa na mtu asiyejua au asiyejali.

Iliyokuwa kwenye sahani yangu, kwa rangi na kwa bei, ni karibu hakika mafuta mepesi yaliyochanganywa na harufu ya kiwandani. Bei ndiyo inayosema zaidi. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na huku kwetu halina mdudu wa kulichavusha, kwa kuwa mmea wenyewe asili yake ni Meksiko. Mkulima huchukua kijiti chembamba, akainua utando mdogo ulio ndani ya ua, akabonyeza chavua kwa kidole gumba. Njia hiyo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, na shangazi yangu anafanya vilevile hadi leo. Nimemwona akilikamilisha ua moja kabla sijamaliza kuuliza anafanyaje. Ganda hukaa juu ya mmea miezi tisa hivi. Likichumwa bado bichi halinuki chochote. Ni lazima litumbukizwe kwenye maji ya moto, lifunikwe blanketi litoe jasho, lianikwe juani siku baada ya siku, kisha likae kivulini na kwenye masanduku kwa miezi. Kilo tano au sita mbichi hutoa kilo moja kavu. Na hiyo kilo moja, ikiwa bora, ina gramu 20 hivi za vanilini. Mtu aliyepiga hesabu hiyo hawezi kukuuzia kiini chake kwa franka elfu 15 akabaki na faida.

Sasa niutetee upande ambao wengi huutukana haraka. Harufu ya kiwandani si sumu kwa sababu tu imetoka kiwandani. Vanilini ilitenganishwa kutoka kwenye ganda mwaka 1858, na mwaka 1874 wanakemia wa Kijerumani wakaweza kuitengeneza kutoka kwenye utomvu wa misonobari. Leo nyingi hutokana na petroli au na mabaki ya mbao, na sehemu ndogo sana ya vanilini yote duniani ndiyo inayotoka kwenye maganda. Ni kemikali ileile. Watoto wetu wanaila kwenye biskuti na maziwa ya unga kila siku. Kinachokosekana ni yale mamia ya viungo vidogo vinavyoipa vanila ya kweli ule moshi na utamu wa matunda makavu. Kwa pua iliyozoea, tofauti ni kubwa. Kwa mwanamke anayetaka chumba chake kinukie vizuri usiku, haina uzito huo.

Na kunukia vizuri si jambo dogo katika mji huu. Mwaka 2022 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kwa watu zaidi ya 200 wa jamii tisa zinazoishi mbalimbali kabisa, wawindaji, wakulima na watu wa mijini, wakiwanusisha harufu kumi wazipange. Vanilini ndiyo iliyopendwa zaidi. Kwa hiyo yule mama wa likelemba hajidanganyi anaposema inamtuliza. Kupendeza kwake kumevuka mipaka na tamaduni. Kuna hata kazi ya Strasbourg, Ufaransa, iliyochapishwa mwaka 2005: watoto njiti 14 waliokuwa wakisita kupumua waliwekewa harufu ya vanilini kwenye mashine zao za joto, na visa vya kusita vikapungua kwa asilimia 36. Naitaja kwa uangalifu mkubwa. Watoto walikuwa wachache, ilikuwa hospitalini, wakiangaliwa na vipimo usiku na mchana. Asitokee mtu akamwekea kichanga matone kwenye mto.

Kutoka hapo ndipo wauzaji wanaporuka mto wasioujua kina chake. Nimesikia kwamba vanila hushusha sukari, huondoa homa, huongeza nguvu za kiume. Hayo nayapita, kwa kuwa nyuma yake hamna majaribio ya maana kwa binadamu. Lakini moja siwezi kulipita, nalo ni madai kwamba mafuta haya yanamsaidia mtoto mwenye SS.

Selimundu, ugonjwa wa damu ambao hapa wengi tunauita SS, umeingia katika nyumba nyingi za Kongo. Nchi yetu ni miongoni mwa zilizobeba mzigo huo mkubwa kuliko zote duniani. Uvumi wa vanila una mzizi. Mwaka 1991 wanasayansi walionyesha kwamba vanilini, ikiwekwa pamoja na damu ya mgonjwa maabara, hushikamana na hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu, na kupunguza chembe za damu kujikunja kama mundu. Ni kweli, na mtu akisoma hapo tu ataruka kwa furaha. Tatizo ni kwamba ukiimeza, huvunjwavunjwa tumboni kabla haijafika kwenye damu kwa kiasi cha kufaa. Kuipaka ngozini au kuinusa ndiyo haifiki kabisa. Watafiti walilitambua hilo, wakaendelea kutafuta dawa zinazoshika hemoglobini kwa mtindo wa namna hiyo. Mojawapo, voxelotor, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, ikaondolewa sokoni duniani kote Septemba 2024 kwa sababu ya wasiwasi juu ya vifo na maumivu makali kwa wagonjwa. Huo ndio ugumu wa kazi yenyewe, hata kwa wenye maabara na mabilioni. Mama anayechukua hela ya kliniki ya mtoto wake akanunulia chupa kama yangu anaumizwa mara mbili, na hapo simwoni muuguzi wetu kuwa mkali kupita kiasi.

Jambo la ngozi nalo linanigusa. Mdogo wangu alimpaka mwanawe wa miezi minne mafuta ya aina hii shingoni na kwapani baada ya kumwogesha. Siku ya pili shingo ilikuwa imevimba vipele vyekundu, mtoto halali, anajikuna kwa kusugua kichwa kitandani. Hatujui ni kiungo gani kilichomdhuru, na hatutajua, kwa kuwa chupa haikuorodhesha kitu zaidi ya lile ua. Hata vanila halisi huwasha baadhi ya watu. Wanaoshika maganda kila siku hupata vipele mikononi, na hilo limejulikana zamani. Tofauti ni kwamba ukijua ulichopaka, daktari ana pa kuanzia.

Kwa mtu mzima anayeyapenda mafuta haya, naona hakuna sababu ya kuyaacha, ila ayatumie kama manukato. Ajaribu tone moja ndani ya kiwiko, asubiri siku moja au mbili. Akiwa na absoluti ya kweli, matone sita ndani ya mililita 30 za mafuta ya nazi yanatosha mwili mzima. Ile ya kulowekwa kwa pombe haichanganyiki na mafuta, na isisogezwe karibu na mbabula, jiko la makaa, yenye moto. Wanaotengeneza sabuni nyumbani wajue pia kwamba vanilini, ya shamba au ya kiwanda, hugeuza sabuni nyeupe kuwa ya kahawia baada ya muda. Haijaharibika.

Kinachoniuma zaidi kiko mbali kidogo na chupa. Vanila nzuri inaota katika mkoa wetu huuhuu na Ituri, na nyingi huvuka kwenda Uganda kabla hatujainusa. Mwaka 2018 kilo ya vanila kavu ilipita dola 500 kwenye soko la dunia. Baadaye bei ilianguka, na mwaka 2023 Madagascar, inayozalisha sehemu kubwa ya vanila yote, ikaiondoa bei ya chini ya dola 250 iliyokuwa imeiweka. Shangazi alizisikia bei zote mbili zikiwa zimekwisha pita. Kati yake na hizo bei kuna waliochuma maganda mabichi usiku katika shamba lake, kuna wapatanishi, na kuna waasi wa ADF, waliowafukuza wakulima wengi wa Beni mashambani. Halafu mimi, mwanawe wa hapa Goma, nanunua harufu ya kiwandani kwa jina la ua lake. Mtu anaweza kunijibu kwamba bila bei ndogo ya kiwandani wengi wetu tusingeijua harufu hii kabisa, na atakuwa na haki. Ninachodai mimi ni jina lirudishwe kwa mwenyewe.

Maganda matatu ya shangazi yalinifikia mwezi huu. Uwanja wetu wa ndege ulifungwa Januari 2025, kwa hiyo yalizunguka Uganda na Rwanda ndani ya mfuko wa msafiri, yamefungwa kwenye gazeti, na gazeti lenyewe sasa linanukia. Niliyapasua kwa kisu, nikayatia kwenye chupa kavu ya mafuta ya alizeti. Baada ya wiki sita yatakuwa na rangi ya dhahabu na harufu ndogo, ya kukaa shingoni saa moja tu.

Ile chupa ya mililita 30 niliirudisha Birere kuonyesha, si kudai hela. Mama yule alinisikiliza hadi mwisho. "Miye nauzishaka vile nilinunua," akasema, na nikamwamini. Karatasi inakuja imeshabandikwa. Akaniuliza akiibandua akaandika kwa mkono kwamba ni mafuta yenye harufu ya vanila, bei itashuka mpaka wapi. Tukapiga hesabu pamoja juu ya kiroba. Yeye huipata kwa elfu 9. Kwa elfu 12 bado anabaki na elfu tatu. Alikuwa anaikwangua karatasi ya kwanza kwa ukucha mteja alipofika, akamnyooshea chupa: "Ni harufu tu ya vaniye, mama. Nusa."