Nionyeshe Nani Kafungua Faili Langu

Shangazi yangu wa Kilosa ana daftari la shule lenye jalada la bluu. Amelifunga kwenye mfuko wa rambo uliobaki tangu mifuko ile haijapigwa marufuku, na hulilaza chini ya godoro. Humo ndimo ilimo afya yake yote ya miaka saba: presha ya kila mwezi, sukari ya kila mwezi, majina ya dawa kwa mwandiko ambao kila tabibu anakunja uso kuusoma, mhuri wa zahanati uliofifia. Kurasa kama kumi za katikati hazisomeki tena. Mwaka juzi maji yaliingia ndani usiku, wakaokoa watoto na magunia ya mpunga, daftari likakumbukwa asubuhi.

Kurasa hizo zilitugharimu. Alipokuja kwangu mjini miguu imevimba, daktari alimuuliza ni dawa gani ya presha iliyowahi kumsumbua. Shangazi akajibu, "Vilikuwa vidonge vidogo vyeupe, baba." Jina la vidonge hivyo lilikuwa kwenye kurasa zilizolowa. Akaandikiwa captopril, akakohoa usiku kucha kwa wiki tatu, hadi tukarudi na kuambiwa kikohozi hicho huletwa na dawa hiyo kwa baadhi ya watu. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hata zamani ilikuwa hivyohivyo.

Nimeanza na shangazi makusudi. Mimi ni mmoja wa wanaotaka faili la mgonjwa liwe kwenye kompyuta, limfuate kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa bila kubebwa kwapani. GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali ya Tanzania wa kuendeshea hospitali, ulipoanza kuingia kwenye hospitali za serikali nilifurahi, na hata leo sitaki turudi kwenye daftari. Ninachodai ni kitu kimoja, na nitaeleza kwa nini nakidai kwa uchungu.

Miaka minne iliyopita mimba yangu iliharibika ikiwa na wiki 11. Nilihudumiwa katika hospitali ambayo sitaitaja, nikasafishwa, nikaruhusiwa siku iliyofuata. Mume wangu alikuwa safarini. Nilimpigia yeye peke yake, tukakubaliana kwamba mama yake tutamwambia pamoja akirudi. Siku ya tatu nikasikia hodi mlangoni. Mama mmoja wa mtaani kwetu amesimama na chupa ya uji wa pilipili manga. "Pole mwanangu, Mungu atakupa mwingine."

Nilimwamkia shikamoo, nikamkaribisha kiti, kisha nikamuuliza amejuaje. "Binti yangu si yuko pale kwenye kompyuta."

Hakuwa na ubaya wowote. Uji nilikunywa, na nilikuwa nauhitaji. Lakini Jumapili jumuiya nzima ilikuwa inajua, na mama mkwe wangu alipewa pole sokoni kwa jambo ambalo hajaambiwa. Alilia mbele ya watu. Mpaka leo anaamini nilimficha yeye, kwamba wengine wote niliwaambia.

Nilirudi hospitali wiki iliyofuata. Sikwenda kugombana. Nilimuuliza msimamizi swali moja: ukiacha daktari na wauguzi walionihudumia, nani mwingine alifungua faili langu? Alinisikiliza vizuri, akaniambia ukweli ambao namshukuru kwa kuusema: "Mama, mapokezi wote wanaingia kwa paswedi moja." Nilipotoka nikapita kaunta nikaiona. Imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kipande cha plasta, imebandikwa pembeni ya skrini. Aliye mbele ya foleni anaisoma bila kunyoosha shingo. Binti akakana. Mama yake akasema alihisi tu. Kompyuta ilichojua ni kwamba "mapokezi" wamefungua faili langu mara sita. Mapokezi walikuwa watu tisa.

Baadaye nilikuja kusoma kesi ya muuguzi mmoja wa Finland, na nilipofika katikati ilibidi niweke simu chini kwanza. Mahakama imemwita kwa herufi moja tu, I. Alikuwa akifanya kazi kliniki ya macho katika hospitali ya umma, na hospitali hiyohiyo ndiko alikokuwa akitibiwa VVU tangu 1987, idara nyingine. Wakati ule wafanyakazi waliweza kuingia kwenye kumbukumbu za wagonjwa bila kizuizi. Mwanzoni mwa 1992 akaanza kuhisi kwamba wenzake wanajua. Mwishoni mwa 1996 akaomba achunguziwe ni nani waliofungua faili lake. Jibu likaja kwamba haiwezekani: rejista ilionyesha mara tano za mwisho tu, tena kwa jina la idara, si la mtu, na hata hizo zilifutwa faili likirudi masjala. Mahakama za nchini kwake zikaona hana ushahidi.

Tarehe 17 Julai 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg ikampa haki. Majaji walisema kumtwisha yeye mzigo wa kuthibitisha ni kufumbia macho upungufu wa hospitali yenyewe katika kutunza kumbukumbu za nani ameingia. Wakasema pia kwamba kumwachia mtu nafasi ya kudai fidia baada ya siri kuvuja hakutoshi, kinachotakiwa ni ulinzi unaofanya kazi tangu mwanzo. Nilisoma sehemu hiyo nikaiona plasta ile na wino wake mwekundu.

Wanaotujengea mifumo wakiulizwa habari za faragha huzungumzia wadukuzi. Hutueleza seva iko wapi na inalindwaje. Sibezi hofu hiyo. Ni Finland hiyohiyo ambako mwaka 2020 maelfu ya watu waliotibiwa na wanasaikolojia wa kampuni ya Vastaamo walitishiwa kwa barua pepe: lipa, la sivyo uliyomweleza mtaalamu wako yatawekwa hadharani. Lakini nenda kakae kwenye benchi la wagonjwa wa nje asubuhi, usikilize. Hakuna anayemtaja mdukuzi. Wanaulizana nani yuko zamu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mgonjwa wa mji mdogo anaijua kata kwa jina, anajua inaishi nyumba ya ngapi na inasali wapi.

Na kwa kuwa anaijua, hujilinda mwenyewe. Anapanda basi mwendo wa saa mbili kwenda kuchukua ARV mji mwingine, wakati CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, iko dakika kumi kutoka kwake. Mwenye kadi ya bima huiacha nyumbani akalipa taslimu, ili kipimo fulani kisiandikwe popote. Mwingine anatoa jina la ukoo wa mama yake na namba ya simu ambayo si yake. Mwingine anakaa mbele ya daktari na kunyamaza tu. Ninawafahamu watu waliofanya kila moja ya haya, na mimi mwenyewe, kwenye mimba iliyofuata, nilipoulizwa kama kuna iliyowahi kuharibika nilisema hapana. Nilisema hapana kwa sababu aliyeuliza alikuwa anachapa huku mlango uko wazi.

Wanaopanga mambo ya afya hapa wangepaswa kushtuka. Mgonjwa asipouamini mfumo, anaulisha uongo, na daktari wa kesho ataamini kilichoandikwa. Chukua mtu anayetumia dolutegravir, dawa ya ARV, kwa siri katika mji mwingine, kisha akapatwa na kifua kikuu huku nyumbani. Rifampisini atakayopewa hupunguza nguvu ya dolutegravir mwilini, kwa hiyo dozi ya dolutegravir inatakiwa iongezwe iwe mara mbili kwa siku. Nani atamwongezea, ikiwa faili lililo mbele ya tabibu linasema hatumii dawa yoyote?

Nikitoa 10,000 kwa wakala, simu inalia kabla sijakunja noti. Kiasi, saa, jina la wakala, salio. Mama muuza mboga asiyejua kusoma vizuri anaujua mlio huo, na ukilia wakati hajatoa hela anaanza kukimbia kutafuta msaada. Kwa elfu kumi yangu najulishwa. Faili langu lilifunguliwa mara sita, nikaja kujulishwa na chupa ya uji.

Hiki ndicho ninachodai: orodha ya majina ya waliofungua faili langu, siku na saa, nami niweze kuiona bila kumwomba mtu. Na lipo linakofanyika. Estonia wana mfumo wa taifa wa kumbukumbu za afya tangu mwisho wa 2008, na raia akiingia kwenye ukurasa wake anaona nani amesoma taarifa zake, na anaweza kuzifungia akitaka. Australia walipoamua kumfungulia kila mtu rekodi isipokuwa aliyekataa, watu wapatao milioni 2.5 walikataa hadi dirisha la kujitoa lilipofungwa Januari 2019. Waliobaki wanaweza kuomba wapewe ujumbe kituo kipya cha tiba kikiingia kwenye rekodi yao kwa mara ya kwanza. Lakini kule mgonjwa huonyeshwa jina la kituo, si la mtu aliyefungua, na hapo mimi siridhiki. Kituo hakina mama anayepika uji.

Wauguzi wawili rafiki zangu niliowaeleza walinijibu jambo ambalo lazima niliseme. Paswedi moja haikuanzishwa na wambeya. Kompyuta ni mbili, foleni ni ya watu mia mbili, mtandao unasuasua, na kutoka na kuingia upya kila anapobadilishana mtu huchukua dakika ambazo mgonjwa aliye kwenye machela hana. Ni kweli, nimeyaona kwa macho yangu. Kwa hiyo dai langu haliwahusu makarani peke yao. Linamhusu anayepanga bajeti akanunua mfumo bila kununua kompyuta za kutosha, na asiweke hata njia nyepesi ya mtu kuingia kwa jina lake, kama kadi ya kugusisha au alama ya kidole. Jina la mtu likishasimama kwenye kila kufungua, mengi yatanyooka yenyewe. Hata dharura haina shida: mgonjwa amezimia, fungua upesi, mfumo uandike nani amefungua na kwa nini, nikipona nionyeshwe.

Kuna jambo moja tu la kuangalia sana, nalo ni simu yenyewe. Kwa wanawake wengi simu si ya mtu mmoja. Mume anaishika, mtoto anaichezea, wifi anaazima. Ujumbe ukiandika "faili lako limefunguliwa kliniki ya CTC", tutakuwa tumehamisha tatizo kutoka kaunta hadi sebuleni. Afadhali nipige namba za nyota na reli, niweke namba yangu ya siri kama ya hela, nisome, nifunge, pasibaki kitu kwenye simu.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, taarifa za afya imezihesabu kuwa nyeti, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Majirani zetu wameshafika mbali mahakamani: Desemba 2016 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba agizo la Rais la mwaka uliotangulia, la kukusanya taarifa za wanafunzi wanaoishi na VVU, lilivunja katiba. Nasoma haya na kufarijika, kisha naikumbuka ile plasta. Kwenye kaunta sheria haina mkono. Orodha ya majina inayo.

Mwezi uliopita nilimpeleka shangazi kuandikishwa kwenye mfumo, ili lile daftari lipumzike. Kijana wa mapokezi alikuwa mpole na mwepesi. Akasogeza karatasi.

"Shikamoo bibi. Weka dole gumba hapa."

"Marahaba mwanangu. Ni ya nini?"

"Ya mfumo, bibi."

Shangazi akanitazama. Nikamwomba kijana tuisome kwanza, naye akatuachia. Ilisema taarifa zake zitaweza kutumiwa na vituo vingine kwa ajili ya matibabu. Nikamsomea polepole kwa sauti ya chini, neno kwa neno. Shangazi akauliza kama wataona na ile habari ya ujana wake, ambayo hapa siisemi. Nikamwambia wakiiandika wataiona. Akakaa kidogo, kisha akauliza swali ambalo mimi nilikuja kuliuliza baada ya kuumia: "Wakiiona, nitawajua?"

Kijana akasema kwa kweli hajui, hajawahi kuulizwa hivyo.

Shangazi aliweka dole gumba, kwa sababu ile captopril haitaki tena. Mimi nikaandika barua ya ukurasa mmoja kwa mganga mfawidhi, nikiomba utaratibu wa mgonjwa kuonyeshwa majina ya waliofungua faili lake, na shangazi akaiwekea dole lake chini ya jina. Tulipeleka nakala mbili. Yetu imegongwa mhuri wa kupokelewa, tarehe imeandikwa kwa mkono, na imelazwa ndani ya daftari la bluu, kwenye mfuko wa rambo. Kliniki yake ijayo ni tarehe 14. Tutakwenda nayo.