Kijana wa miaka 14 kwenye banda la mbwa

Nchini Kenya, mpango wa President's Award, ulioanza mwaka 1966, hupokea vijana kuanzia miaka 14, na sehemu yake moja ni kuhudumia jamii. Wengine hupanda miti. Wengine hubisha hodi kwenye vituo vinavyotunza mbwa na paka waliookotwa, na hapo mwenye kituo hukwama. Mikono anaihitaji, maana mabanda huoshwa kila siku na mbwa asiyetembezwa huzidi kuwa mkorofi. Lakini mikono hiyo ni ya mtoto wa mtu.

Wanaowakataa walio chini ya miaka 18 wana hoja nzito: kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa nao, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno. Na mbwa aliyeokotwa jana, nani anajua alikotoka? Watu hujifariji kwa kanuni ya kumchunguza mbwa siku 10, ilhali kanuni hiyo hujibu swali jingine. Mbwa aliyeuma akiwa bado mzima baada ya siku hizo, basi siku alipouma mate yake hayakuwa na virusi. Haisemi kwamba virusi havimnyemelei mwilini, na vinaweza kunyemelea kwa wiki au miezi.

Nakubali. Ila virusi haviulizi umri. Mwanachuo wa miaka 20 asiyechanjwa, aliyeachwa peke yake na mbwa mgeni, yuko hatarini kuliko mtoto wa miaka 14 anayeosha vyombo vya paka mhudumu akiwa kando yake. Mstari wa miaka 18 humtuliza mwenye kituo kwenye makaratasi tu. Mimi ningegawa kwa kazi: mbwa wageni na wagonjwa ni wa watu wazima waliochanjwa, basi, vijana wabaki na wanyama waliokwisha kuchanjwa na kuzoeleka.

Chanjo ya kinga kabla ya kuumwa ipo, na tangu 2018 shirika hilo hupendekeza dozi mbili zinazopishana wiki moja. Aliyeipata akiumwa bado atadungwa, ila sindano chache. Nani alipe? Kituo kinachoishi kwa michango hakiwezi, na kumtoza mzazi ni kufungia nje watoto wa wasio nacho. Sina jibu safi hapa.

Wanaowakaribisha vijana nao wana hoja ambayo wapinzani huipuuza: mtoto huyu hukutana na mbwa kila asubuhi njiani kwenda shule, bila msimamizi. Aliyefundishwa kusoma mkia, masikio na mgongo uliosimama manyoya anajua kusimama badala ya kukimbia.

Fomu ya mzazi nayo isiwe ya saini tu. Familia za Pwani zinazofuata madhehebu ya Shafi huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtoto wao apelekwe kwa paka bila kuulizwa maswali mengi. Fomu ieleze pia kwamba wanyama wengine hudungwa sindano ya kufa, maana mtoto akigundua mwenyewe kwamba yule aliyemlisha juzi hayupo, ataumia zaidi.

Kinachonitia hofu kuliko meno ni mkwaruzo unaofichwa. Kijana anayejua kwamba akisema amekwaruzwa atafukuzwa, atavuta mkono wa sweta. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza aambiwe: ukiumwa au ukikwaruzwa, sema, hufukuzwi. Sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mzazi apigiwe simu, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Yote haya yanahitaji watu wazima wawili zamu nzima, kwa ajili ya mbwa na pia ili mtoto asiachwe faragha na mtu mmoja. Jumamosi ambayo wa pili hayupo, vijana warudi nyumbani, hata mabanda yakilala machafu.