Kabla ya Chati ya Herufi

Siku hizi si ajabu kumkuta mzazi mjini Dar es Salaam akijivunia kwamba mwanawe wa miaka mitatu ameshazijua herufi zote, naye mtoto, akiombwa athibitishe mbele ya wageni, huimba "ei, bii, sii, dii" mpaka mwisho bila kukosea. Siwabezi wazazi hao, kwa kuwa hamu ya kumwona mtoto akisoma mapema ni hamu njema. Ninachokipinga ni mahali wanapoanzia. Mtoto aliyekariri majina ya herufi kwa Kiingereza, ukimwandikia neno "baba", atalisoma "bii, ei, bii, ei", na hakuna njia ya kutoka hapo hadi kwa baba yake aliyeketi sebuleni.

Kwa maoni yangu, mtoto anayelelewa kwa Kiswahili aanze kusoma kwa Kiswahili, tena aanze kwa sikio kabla ya jicho. Lugha yetu ina irabu tano tu, kila moja na sauti yake isiyobadilika popote inapoandikwa, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, hivyo mtoto akishaziweza ma, me, mi, mo, mu na ndugu zake chache, maneno mengi anayoyasema kila siku yako mikononi mwake. Kiingereza hakina ukarimu huo. Watafiti waliolinganisha watoto wanaojifunza kusoma kwa tahajia 13 za Ulaya, na matokeo yao kuchapishwa mwaka 2003, waliona kwamba wanaosoma kwa Kiingereza huchelewa sana nyuma ya wenzao, wakiwemo Wafini, ambao herufi zao hufuata sauti kwa uaminifu kama zetu na ambao huingia darasa la kwanza wakiwa na miaka 7.

Kuanza kwa sikio maana yake ni kumzoesha mtoto kuyasikia maneno vipande vipande, kwa makofi: ma-ji, ki-ko-mbe, nda-la. Mchezo huu hauhitaji kitabu wala meza. Unachezeka wakati wa kuoga au ndani ya daladala. Utamu wake unaonekana mnapofika kwenye neno "mtu", kwa sababu mtoto hupiga makofi mawili, m-tu, ingawa ile m haina irabu nyuma yake, kisha kwenye "mbuzi" hupiga mawili pia, mbu-zi, safari hii m ikiwa imeshikamana na b. Hakuna aliyemfundisha tofauti hiyo, na watu wazima wengi wakiulizwa huhesabu kwa vidole wakisitasita. Ujuzi huo tayari anao; kazi ya mzazi ni kuuonyesha alama zake.

Alama zenyewe zimejaa nyumbani. Kanga ya bibi ina maneno yaliyochapwa kwa herufi kubwa zinazoonekana kutoka mlangoni, na mfuko wa unga una neno "UNGA" linalorudi jikoni kila wiki. Ubavuni mwa daladala pameandikwa "KARIAKOO", neno zuri mno la kujifunzia, kwa kuwa kila sauti yake inasikika: ka-ri-a-ko-o. Herufi ndogo ziandikwe na mzazi mwenyewe kwa kalamu nene juu ya boksi lililokatwa. Jina la mtoto ni pa kuanzia pazuri akiitwa Neema au Juma. Akiitwa Christopher, tafadhali anzeni na "mama".

Maneno kama "ng'ombe" na "ghala", yenye sauti moja inayoandikwa kwa alama zaidi ya moja, yasubiri. Vivyo hivyo, mtoto akitazama neno "rangi" akatamka "langi", amesoma. Ulimi utamfuata kwa wakati wake, na kumkatiza kila mara kunamfundisha tu kuogopa. Akigeuza uso baada ya dakika tano, somo limekwisha kwa leo.

Najua hofu inayowasukuma wazazi. Tanzania ilibadili mtaala wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015 ili uzito uwe kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa sababu watoto wengi walikuwa wakipanda madarasa bila kujua kusoma. Upande mwingine, baadhi ya shule binafsi huwafanyia usaili watoto wa miaka minne kwa Kiingereza, na mzazi anahisi kila siku ya Kiswahili ni siku iliyopotea. Haijapotea, kwa maana mtoto akishang'amua kwamba alama hubeba sauti na sauti hujenga neno, hataling'amua upya akifika kwenye Kiingereza. Atajifunza msamiati na vituko vya tahajia yake, basi. Shule inayomkataa mtoto anayesoma "embe" na "kuku" peke yake, eti kwa kuwa hajui kuyasema kwa Kiingereza, mimi nisingeipelekea hata ada ya fomu.