Temino, magadi na sauti ya kike garini

Kigari changu kililetwa kikiwa kimetumika Japani, na hewa ya bahari hapa Tanga haikukionea huruma. Temino za betri, vile vibano vya nyaya vinavyokaa kwenye vichwa vya betri, ziliota unga mweupe wenye ukijani, ile ya hasi imelika hata pembe za nati hazionekani. Nikizungusha ufunguo: tik, tik, kimya. Na siku hiyo mama mkwe alikuwa ameshafika kutoka Pangani, nimpeleke harusini Raskazone jioni.

Shemeji yangu, ambaye hata pikipiki hana lakini ni fundi wa kila kitu, akatokea na spana namba 10.

"Anza na chanya shemeji, ndiyo yenye moto."

Nikakataa katakata. Bodi zima la gari limeungwa na hasi. Ukianza na chanya, spana ikigusa bati tu, cheche zinakurukia usoni. Toa hasi kwanza, hapo hata ukigusa hakuna neno. Akanuna, akaingia jikoni kuchemsha maji.

Alirudi na birika na kifuko cha magadi. Wazo zuri, nakiri, maana magadi huua tindikali: unamwaga na maji ya moto, povu linaumuka, likitulia unasuuza na kukausha. Povu lilivyopanda shemeji akanogewa, akazidi kumimina. Sikumuuliza kayatoa wapi mpaka mama mkwe aliposimama mlangoni.

"Mkwe, hayo si magadi yangu ya kisamvu?"

Shemeji akanigeukia, akatikisa kichwa kwa masikitiko kama aliyenikataza tangu asubuhi. Mwana wa watu huyo!

Temino mpya nazo zikagoma. Muuza spea aliniapia kuwa zinaingia gari zote, kumbe betri za vigari hivi vya Kijapani nyingi zina vichwa vyembamba, chanya kama milimita 15, hasi 13. Nikikaza mpaka mwisho, inazunguka kama pete ya mtu aliyekonda. Shemeji akaanza kukata kopo la soda alichomeke. Nikamnyang'anya, nikapanda baiskeli hadi dukani kubadilisha.

Nikafunga chanya, kisha hasi. Nilipogusisha tu hasi, king'ora kikalia mtaa mzima, wazee ndio kwanza wanatoka msikitini alasiri. Rimoti iko mfukoni mwa kanzu, kanzu iko kwenye kamba, imeloa. Shemeji akaziba masikio yake, si king'ora. Mmoja wa wale wazee akauliza kwa upole kama gari ni langu kweli.

Kelele zilipokatika nikawasha. Likashika mara moja! Mama mkwe akaingia kiti cha mbele na baibui lake limenyooshwa, na hapo hapo kwenye dashibodi mwanamke akaanza kuongea Kijapani, sauti laini.

Mama mkwe akaganda. "Ni nani huyo?"

"Si mtu, mama. Ni kile kidude cha kulipia barabara za kwao, kila nikiwasha lazima aseme."

"Anataka nini?"

Shemeji, kutoka kiti cha nyuma, akadakia: "Anasema kadi haijawekwa."

Mama mkwe akafungua pochi, akatoa kadi ya harusi, akaielekeza kwenye dashibodi.

"Hii hapa, bibi. Na mchango nilishamaliza."