Aliyezalia njiani

Kwenye kadi ya kliniki ya mtoto wa pili wa dada yangu, binti wa mama mkubwa, mahali pa kuandika alikozaliwa pana herufi tatu: BBA. Kwa lugha ya manesi huyo ni mtoto aliyezaliwa kabla mama hajafika kituoni. Mtaani tunasema kazalia njiani. Ukiisoma kadi ile utamwona mwanamke juu ya bodaboda usiku wa manane, uchungu umeushinda mwendo wa pikipiki. Kumbe siku ile dada hakuvuka hata uani. Alizaa chumbani kwa mama mkwe, mpira umetandikwa juu ya mkeka, bibi mmoja jirani akimsugua mgongo. Asubuhi ndipo bodaboda ilipoitwa, wakaenda zahanati na maneno wameshayapanga: "Tulikuwa tunakuja, sista, mtoto akatuwahi."

Uongo ule ulikuwa na sababu. Kijijini kwao, kama vijiji vingine vingi Tanzania, kuna sheria ndogo inayomtoza faini mama anayezalia nyumbani. Aliyezalia njiani husamehewa. Matokeo yake, rejista ya zahanati ina wanawake wawili chini ya herufi zilezile: aliyetaka kufika akashindwa, na aliyeweza kufika asitake. Wa kwanza tunajua dawa yake, ni barabara, gari la wagonjwa na kituo cha karibu. Huyu wa pili ndiye anayetuchanganya.

Wa pili wamepungua, hilo lisemwe. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2015/16 ulikuta watoto 63 katika kila 100 wakizaliwa vituoni. Ule wa 2022 ulikuta 81. Katika kipindi hicho vifo vya uzazi kwa hesabu za tafiti hizo vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Makadirio ya Umoja wa Mataifa hayakuwa na furaha kiasi hicho, yaliweka 238 kwa mwaka 2020, lakini nayo yanaonesha mstari unaoshuka. Kwa hiyo anayebaki nyumbani leo mara nyingi si mtu ambaye habari hazijamfikia. Dada yangu alihudhuria kliniki, alimeza vidonge vya damu, na begi la vifaa lilikuwa chini ya kitanda: glovu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu, khanga mbili mpya. Begi lile lile ndilo bibi alilolifungua usiku huo.

Upande wa hospitali una hoja moja nzito kuliko zote, nayo ni damu. Mama aliyezaa salama, mtoto analia, watu wanapiga vigelegele, anaweza kuanza kuvuja damu na asifikishe saa mbili. Nyumbani damu ile inaingia kwenye khanga, khanga inakunjwa, inaletwa nyingine, na hakuna anayejua imetoka kiasi gani mpaka mama aanze kusema anaona giza. Utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukatangazwa 2023, ulitumia kitu rahisi kabisa: plastiki inayowekwa chini ya mama, yenye alama za kupimia damu, pamoja na utaratibu wa kutoa matibabu yote kwa mkupuo mara alama inapovukwa. Kutokwa na damu nyingi kupita kiasi, na madhara mabaya yanayofuata, yakapungua kwa asilimia 60. Bibi jirani hata awe na mikono ya dhahabu, hana plastiki ile, hana sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, wala hana damu ya kuongeza.

Lakini jaribu kumwambia hivyo. Atakujibu amezalisha miaka tisa na hajapoteza mama hata mmoja. Nami namwamini, kwa sababu hesabu inamruhusu. Hata kwa kile kiwango kibaya cha 556, ni kama kifo kimoja kwa kila uzazi 180. Mkunga wa jadi anayezalisha akina mama 20 kwa mwaka angehitaji miaka tisa kukutana na kifo kimoja, na wengine wangemaliza kazi bila kukutana nacho. Tena mambo yakimharibikia, mama hukimbizwa hospitali na kufia huko. Kijiji kinabaki na kumbukumbu mbili: kwa bibi watu wanazaa, hospitali watu wanakufa. Kila mmoja ameona kwa macho yake, na macho yote yamedanganya. Ndiyo maana ule msemo wa "bibi zetu walizaa nyumbani" haunishawishi. Waliokufa hawakuacha wajukuu wengi wa kutusimulia.

Na hapa pana mtego mwingine. Aliyezaa mara nne bila shida hujiona mzoefu, wakati kitaalamu anayeanza kutiliwa shaka ni yeye, kwa kuwa mfuko wa uzazi uliobeba mimba nyingi huchelewa kukaza baada ya mtoto kutoka. Mama wa mtoto wa tano anaambiwa aende hospitali kubwa. Anacheka. Kwake yeye hilo ni sawa na dereva wa miaka ishirini kurudishwa shule ya udereva.

Basi kwa nini dada, mwenye begi na kadi, hakwenda? Alikuwa amekwenda kwa mtoto wa kwanza. Anachokumbuka si uchungu. Anakumbuka vitanda vitano bila pazia, na kundi la wanafunzi waliopita mmoja baada ya mwingine kumpima njia bila hata kumwambia jina. Anakumbuka alipolia akaambiwa, "Mlipokuwa mnastarehe mliniita?" Sentensi hiyo, au ndugu yake, nimeisikia kwa wanawake wa Tanga, Mwanza na Mombasa, kana kwamba inafundishwa chuoni. Mama mkwe alikuwa nje ya geti na chupa ya chai ambayo haikuruhusiwa kuingia.

Watafiti waliowahoji akina mama kaskazini mashariki mwa Tanzania walikuta jambo linalofaa kuangaliwa mara mbili. Walipoulizwa wakati wanaruhusiwa kutoka, karibu asilimia 19 walisema walitendewa vibaya wakati wa kujifungua. Sehemu yao walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, ikawa asilimia 28. Mlangoni pa hospitali mtu husema "nashukuru". Ukweli huja akiwa amekaa jamvini kwake. Na kule Kasulu, Kigoma, utafiti uliochapishwa 2009 uliwapa wanawake zaidi ya 1,200 vituo vya kufikirika wachague. Vitu viwili vilivyowavuta zaidi vilikuwa lugha na heshima ya mhudumu, na kuwapo kwa dawa na vifaa. Watafiti wakakadiria kwamba vikirekebishwa hivyo, wanaopendelea kituo wangepanda kutoka asilimia 43 hadi 88. Hawa si watu wanaokataa utaalamu. Wanautaka, ila usije na matusi.

Kenya mambo haya yalifika mahakamani. Mwanamke aliyezalia sakafuni kwenye korido ya hospitali ya umma Bungoma mwaka 2013, wauguzi wakimtukana, alishinda kesi 2018 na kupewa fidia ya shilingi milioni 2.5. Tukio lilitokea mwaka uleule ambao serikali ilifuta ada ya kujifungua hospitalini. Bei iliondoka, foleni ikaongezeka, mikono ikabaki ileile.

Na mikono hiyo nayo isikilizwe. Kuna zahanati zenye muuguzi mmoja. Akiitwa semina wilayani, mlango unabaki na kufuli. Akiwapo, anazalisha usiku kwa tochi ya simu na asubuhi anachoma chanjo, kisha mama wa sita anamkuta amechoka hana neno zuri lililobaki. Simtetei anayetukana. Ninachosema ni kwamba ukimwekea bango la "huduma kwa upendo" ukutani na kumwacha peke yake, umempa bango tu.

Kuna pia mambo madogo ambayo wizara huyaona ya kishamba. Mama anataka kuchuchumaa, analazwa chali. Anataka zalio likazikwe nyumbani, halioni tena. Anaona haya kuzalishwa na kijana wa kiume. Asiye na mume anatakiwa kwenda kliniki na barua ya mwenyekiti, kama mtu anayeomba kusafirisha mbuzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unasema mama awe na mtu wake wa kumshika mkono na achague mkao unaomfaa. Bibi jirani alikuwa anafanya yote mawili muda mrefu kabla ya mwongozo. Haya ndiyo aliyoyajua, na hospitali ingeweza kuyachukua kwake bila kuchukua na hatari zake. Pazia tano tu zingetosha kumruhusu mama mkwe aingie.

Ulaya na Marekani nako wapo wanaozaa peke yao kwa makusudi. Uingereza si kosa kisheria, na hilo linashangaza zaidi kwa sababu kule mkunga wa serikali hukufuata nyumbani ukitaka. Wengi wao wanakimbia utabibu uliozidi, wakati huku tunakimbia uliopungua. Ila ukiwasikiliza, neno "hawakuniuliza" linatoka pande zote mbili.

Faini ninaipinga, na si kwa huruma tu. Inamfundisha mama kudanganya mahali ambapo uhai wa mtoto unategemea maelezo sahihi: kitovu kilikatwa na nini, zalio lilitoka zima, damu ilikuwa kiasi gani. Dada aliulizwa yote hayo asubuhi ile, na kwa kuwa "alizalia njiani", alijibu kila kitu kwa hadithi ya njiani. Wanaotetea faini wanasema takwimu zimepanda. Zimepanda, ndiyo, na nani wa kutuambia ni ngapi kati ya hizo zimepandishwa na woga.

Sasa ana mimba ya tatu. Wiki iliyopita nilimpigia nikamsihi aende mapema, akae nyumba ya kusubiria ya hospitali ya wilaya. Hakubisha. Aliniuliza kama nina namna ya kujua ratiba ya zamu, maana kuna nesi mmoja, mnene, ana mwanya, aliyemwambia "pole mama" siku alipompeleka mtoto chanjo. Akiwapo huyo, alisema, atakwenda hata kwa miguu.