Steringi Amebadilika, Kikosi Ni Kilekile

Julai iliyopita, katika banda moja la video pale Mwanjelwa, Mbeya, tukiwa tumejikunyata ndani ya makoti, tuliangalia kipindi cha kwanza cha S.W.A.T., tamthilia ya Marekani kuhusu kikosi maalumu cha polisi wa Los Angeles, iliyofufuliwa mwaka 2017. Askari mzungu anayeongoza kikosi anampiga risasi kijana mweusi kwa bahati mbaya. Anaondolewa, na wakubwa wanampa uongozi Hondo, askari mweusi, wakimruka Deacon, mzungu aliyestahili kufuata. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti: "Sasa huyu wamempa cheo kwa kazi yake au kwa rangi yake?"

Wapo wanaolalamika kwamba siasa imeziharibu tamthilia za mapigano, na kwamba S.W.A.T. ya kwanza, ile ya mwaka 1975, ilikuwa burudani tupu. Sikubaliani nao. Kikosi halisi cha polisi wa Los Angeles kilikuwa kimevamia ofisi ya Black Panther, chama cha kupigania haki za weusi, Desemba 1969, na mwaka 1974 kikapambana kwa risasi na SLA, kundi la wanamapinduzi wenye silaha. Kuwafanya askari wa namna hiyo mashujaa wa kila wiki mwaka mmoja baadaye kulikuwa siasa pia, ila haikutajwa. Wakati huo Hondo aliigizwa na Steve Forrest, mzungu, na Deacon akaigizwa na Rod Perry, mweusi. Katika hii ya 2017 majina ni yaleyale, lakini kiongozi ni Shemar Moore, na mzungu ndiye msaidizi. Ingekuwa kupaka rangi tu kama waandishi wasingeliweka swali la yule mzee ndani ya hadithi: Hondo anajua kwa nini ameteuliwa, na Deacon anajua. Kwa hilo nawapongeza bila kinyongo.

Wanaonipa shida ni wale wanaosema siasa yenyewe ni kidogo mno. Kosa la ile risasi linabebeshwa mtu mmoja, naye anaondoka, kikosi kinabaki safi. Na mara nyingi kipindi kinapoisha, mlango uliovunjwa unaonekana ulistahili kuvunjwa. Vijana wa Mwanjelwa wanampenda Hondo, nami nawaelewa, maana steringi mweusi wa aina hiyo hatukukua naye. Lakini kwa kumpenda yeye wanalipenda na gari la deraya analoshukia, bila kuuliza limezoea kwenda mitaa ya nani.

Novemba 2020, miezi michache baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi, msimu wa nne ulifunguliwa kwa kumrudisha Hondo ujanani, yeye na baba yake, katika ghasia za 1992 zilizozuka baada ya askari waliompiga Rodney King, naye mweusi, kuachiwa na mahakama. Nilikitazama kipindi hicho katika banda lilelile. Mtafsiri aliyafupisha mazungumzo ya baba na mwana kwa sentensi moja, "Wanakumbuka mambo ya zamani," kisha akapaza sauti risasi zilipoanza. Nilitamani angeyatafsiri yote, kwa kuwa yalikuwa yanamjibu yule mzee.